Akili ya Mtoto wa Tano

Juzi nilikuwa napita nyuma ya nyumba za majirani zangu hapa Kasese mjini, nikiwa na haraka zangu, harufu ya muhogo uliolowekwa ikanisimamisha. Kama hukukulia kwetu utasema ni uvundo, na sitakubishia. Ni harufu chachu, nzito, inayoingia puani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini sisi tuliokulia Bwera, tukirukaruka mikeka ya muhogo uliotandazwa juani, hatuzibi pua. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau aendako, nikamkumbuka Mwalimu Katungu, na moyo ukanijaa shukrani mpaka nikaona haya mbele ya watoto waliokuwa wakinitazama.

Kazi yangu siku hizi ni kupima ardhi. Nabeba chombo changu chenye miguu mitatu, napanda nacho miteremko ya Maliba na Mahango, nasoma pembe na umbali, na watu huniita injinia hata nikiwakataza. Wanaonifahamu sasa hudhani nilizaliwa na hesabu mdomoni. Mimi nilikuwa mtoto ambaye hesabu zilimshinda, tena nilikuwa na sababu yangu kamili ya kushindwa, na niliiamini kuliko nilivyoamini katekisimu.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa kubahatisha. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Ukisikia jina la mtu umeshajua alisimama wapi kwenye foleni. Nyumbani tulikuwa wasichana watupu, na mimi ndiye Ithungu, wa mwisho. Mama alipopakua bundu, ule ugali wetu wa muhogo, alianza na Masika akashuka kwa mpangilio huo huo, na ilipofika zamu yangu mwiko ulikuwa tayari unakwaruza sufuria. Sikuwahi kulala njaa, lakini mlio ule wa mwiko niliujua vizuri.

Siku moja mjomba wetu alikuja kututembelea, akaomba kuona ripoti zetu za shule kama wajomba wanavyopenda. Yangu ilipomfikia aliitazama kwenye mstari wa hesabu, akacheka kwa upole. "Huyu musimulaumu," akasema. "Masika ndiye alipakuliwa akili ya kwanza, ya moto. Ithungu ameletewa ukoko." Watu wazima wakacheka na mjomba mwenyewe akanipa mfupa wa kuku kunibembeleza. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilihisi kama mtu aliyetafuta ufunguo mwaka mzima akaukuta mfukoni.

Maana ushahidi ulikuwepo. Masika alikuwa wa kwanza darasani kwake kila muhula. Biira alikuwa nyuma kidogo ya wenye vichwa. Kabugho alirudia darasa. Mbambu aliacha shule akajifunza cherehani. Hesabu hiyo, ya kushuka ngazi mpaka kunifikia mimi, ndiyo pekee niliyoiweza bila kusaidiwa. Nikajenga picha yangu kichwani: ndani ya tumbo la mama kulikuwa na sufuria ya akili, na kila mtoto alipotoka alichota chake. Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi niliamini zangu zilikuwa zimenyolewa kabla sijazaliwa.

Mwaka ule tulikuwa tumeingia kwenye sehemu, zile namba zinazokaa moja juu ya nyingine na kistari katikati. Mwalimu wetu wa darasa hakuwa mtu mbaya, ila darasa lilikuwa limefurika, na mvua ya mlimani ilipopiga mabati sauti yake ilipotea kabisa. Nikiona kile kistari, macho yaliingia ukungu. Nusu ongeza theluthi, nikaandika mbili ya tano, kwa kuwa moja na moja ni mbili, na mbili na tatu ni tano. Kalamu nyekundu ikapita juu yake. Siku iliyofuata nikaandika hivyo hivyo. Kwa nini nibadilishe? Ukoko ni ukoko.

Baba alikuwa dereva wa lori, akishinda njia ya Kikorongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani. Hakuwa mkali. Aliniita uani, akanikalisha kwenye tairi kuukuu, akaniambia taratibu. "Ithungu, mimi sigombani na wewe. Lakini hii hesabu inakushinda kila mwaka. Mutihani ya mwisho ukianguka tena, shule basi. Utaenda Mahango kwa shangazi yako, iko peke yake na kahawa. Hii si azabu. Ni kupanga maisha." Nikaitikia, "Ndiyo baba," kwa sauti ya mtoto mtiifu. Nilimpenda shangazi. Lakini darasani kwetu kulikuwa na ramani ukutani, imechanika pembeni, ambayo niliitazama kila siku mpaka nikajua kila mto na kila ziwa, na nilipofikiri kwamba nitaondoka niiache, nilienda chooni nikalia humo ambako hakuna aliyeniona.

Ndipo akaja Mwalimu Katungu. Alikuwa ametoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, akikimbia mambo ambayo watu wazima waliyasema kwa kunong'ona, na alikuwa na mama yake mzee na mabegi yasiyolingana. Huko kwao, mjini Butembo, alikuwa akifundisha biolojia kwenye shule kubwa ya masista. Kwetu alipanga chumba cha nyuma, na wakati akingoja kupata kazi alimenya muhogo, akaulowesha kwenye mapipa, akauanika na kuusagisha. Mama alimpa kona ya ua. Kila Jumapili alivaa kitenge chake kizuri akaenda misa, na siku nyingine zote mikono yake ilinuka kama nilivyosema.

Nilipelekwa kumsaidia kumenya. Kinande chake na Lhukonzo chetu ni ndugu, tungeweza kuongea hivyo, lakini aliponisemesha alitumia Kiswahili cha kwao. Alisema mbele ya mwanafunzi mdomo wake umezoea hicho. Siku ya kwanza aliniuliza jina.

"Ithungu."

"Ah. Mi niko Katungu. Ni jina moja, muto tu ya mupaka ndiyo inatutenganisha. Sisi wote tulizaliwa ba tano."

"Pole, madamu," nikamwambia.

"Pole ya nini?"

"Ya akili. Na wewe uliachiwa ukoko?"

Aliweka kisu chini. Nikamweleza yote, sufuria, foleni, mjomba, Mbambu na cherehani yake. Sikuwahi kumweleza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, midomo ikimtetemeka, halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilikuwa na utomvu. Nilikasirika kweli. Yeye akaniambia tu, "Tutaona," akachukua muhogo mwingine.

Wiki chache baadaye wakwe walikuja kumposa Masika, na baba akachinja mbuzi wawili. Walikuwa wa tumbo moja: dume kubwa, mzaliwa wa kwanza wa mbuzi wetu, na mdogo wake wa mwisho. Asubuhi ile, wakati wanaume wakichuna ngozi, Mwalimu Katungu akaenda kumwomba baba vichwa. Watu walitazamana, maana kichwa kina wenyewe, na mgeni haombi kichwa. Baba akafikiri kidogo, akasema, "Mupeni. Ni mwalimu."

Akaniita nyuma ya chumba chake. Alivipasua vichwa juu ya gogo kwa panga, kwa ustadi, bila kuvuruga kitu, akatoa bongo zote mbili akaziweka juu ya jani la mgomba. Zilikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondokewa damu, zimekunjamana kama kitambaa kilichosokotwa kikakauka. Zilitoa mvuke kidogo. Niliinama nikazitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote cha shule.

"Ya mukubwa ni gani, na ya mudogo ni gani?" akaniuliza.

Nilitafuta tofauti nikaikosa. Nilizizunguka. Nilitaka sana niione, kwa sababu nisipoiona sikujua ningeamini nini tena.

"Sasa mama yao alipakua namna gani?" akasema.

Niligusa moja kwa ncha ya kidole, kisha nyingine.

"Na usizani ukubwa ndiyo kazi. Ngombe iko na bongo kubwa kupita hii, na haijapita mutihani hata moja. Kazi iko mu njia. Mu bongo yako kuko nyuzi mingi, ndogo kupita unywele. Ukijifunza kitu ya mupya, nyuzi moja inatafuta ingine, inapotea. Ukirudilia, inashikana. Ukirudilia tena, inakuwa barabara. Hakuna mutu anazaliwa na barabara ya hesabu."

"Masika alizaliwa nayo."

"Masika, akitoka shule, alikuwa anafundisha nani?"

"Biira. Na Kabugho. Wote."

"Basi ile leso, ile somo yake, alipita ndani mara mingi. Biira alifundisha Kabugho. Kabugho alifundisha Mbambu kidogo. Na weye, Ithungu, unafundisha nani?"

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilisimama na jambo hilo mbele ya jani la mgomba, mikono imening'inia, na nakumbuka jinsi jua lilivyonichoma kisogoni. Kisha akazichukua zile bongo akazikaanga kwa vitunguu, akanipa kwenye kisahani. Nikakataa kula. Nilishaanza kumwamini, lakini si kiasi cha kuhatarisha kupata akili ya mbuzi.

Tangu siku ile tukawa na darasa letu kwenye maganda ya muhogo. Hakunifundisha hesabu kwa kweli. Alisema hesabu za shuleni kwetu zilikuwa za Kiingereza na yeye Kiingereza kilimpiga chenga. Alichofanya ni kunifundisha jinsi ya kukitumia kichwa changu, kama mtu anavyokabidhiwa jembe akaonyeshwa pa kushika. Nilipofungua kitabu na hofu ikanishika, aliniamuru nifunge macho nipumue. "Ukiogopa, bongo inafanya kazi ya kukimbia. Haiwezi kukimbia na kuhesabu saa ile ile moja." Nilipotaka kukaa na swali moja mpaka jioni ilhali nilishakwama, aliniondoa.

"Muhogo unaweza kuulowesha na kuutwanga siku moja?" akaniuliza.

"Hapana. Utakuwa mgumu, na unaweza kumdhuru mtu."

"Basi na leso iko vile. Itie mu maji, enda kazi ingine, lala. Usiku bongo yako inapanga mizigo. Kesho urudi, utakuta imelegea."

Halafu kulikuwa na kile alichokipenda kuliko vyote. Aliniambia nifunge kitabu nimfundishe yeye. Alijifanya mjinga, tena mjinga msumbufu. "Juu ya nini, kwa nini, kistari hiyo iko pale? Juu ya nini hauandike tano?" Nikibabaika, hakunisaidia. Alimenya muhogo akingoja, na nilipokosea alisema, "Muzuri, sasa tunajua pahali nyasi iko mu barabara." Mara nyingi mama alikuwa karibu, akipepeta maharage au kuosha vyombo, kimya. Nilidhani anatuangalia tusizembee.

Sitadanganya kwamba mambo yalibadilika mara moja. Niliendelea kupata alama zangu za aibu, na siku moja nilimwambia Mwalimu kwamba pengine kwangu kweli hakuna kitu humo ndani, tusiendelee kusumbuka. Nilisema nikiwa nimekasirika na nusu nikitaka anikubalie, nipumzike, niende zangu Mahango. Alininyang'anya kitabu. "Enda kateke maji," akasema. Hakuna zaidi.

Nikaenda bombani na jerikeni langu dogo na bakuli la kukingia. Bomba siku ile lilitoa maji kama machozi ya mtoto anayejilazimisha, tukawa tunakinga kwa bakuli na kumimina. Jerikeni langu lilijaa kwa bakuli sita, nililijua hivyo kama ninavyojua viatu vyangu. Mbele yangu msichana mmoja mwenye jerikeni kama langu alikuwa amefika nusu, na mwenzake mwenye jerikeni kama lile lile amefika theluthi, wakawa wanabishana kama wakichanganya watajaza moja. Sikuwa nafikiria shule. Nilikuwa nafikiria foleni. Nikasema tu, kwa kuchoka, "Halijai. Wewe una bakuli tatu, yeye mbili. Itapungua moja."

Kisha nikasikia nilichosema. Tatu na mbili ni tano, katika sita. Nusu na theluthi. Huwezi kuzijumlisha mpaka zote uzipime kwa bakuli moja. Miezi yote ile nilikuwa najumlisha jerikeni na jerikeni bila kutazama maji. Kitu kilishikana kichwani mwangu, nikakihisi, naapa nilikihisi, kama kifungo kinapoingia tunduni. Nikaacha jerikeni kwenye foleni nikakimbia hadi nyumbani bila maji, nikamkuta Mwalimu anageuza muhogo juani, nikamwambia tano ya sita huku nikihema. Akaniangalia.

"Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha pale pale, kwa bakuli na vumbi la ua. Aliuliza maswali yake yote ya kijinga na niliyajibu. Nilipomaliza aliniwekea mkono wake kichwani, wenye harufu ile, akauacha hapo kidogo.

Mwalimu Katungu hakungoja mtihani wangu. Alipata shule ya kufundisha, kwenye kambi ya mbali ambako watu wa kwao walikuwa wengi, na asubuhi moja lori la baba lenyewe ndilo lililombeba yeye na mama yake mpaka Kikorongo kupanda basi. Nililia waziwazi, mbele ya kila mtu. Aliniambia neno moja tu dirishani, "Rudilia." Nilimtafuta nilipokuwa mkubwa na bado namtafuta. Nikisikia kuna Katungu mahali anayefundisha, huwa nauliza, na makatungu ni wengi. Kama anaishi, Mungu amzidishie. Sina deni lingine kubwa kama lile, na ni deni ambalo nafurahi kuwa nalo.

Mtihani nilifanya nikiwa nimefunga macho kwanza, mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Swali lililonikwamisha niliacha, nikaenda mengine, nikalirudia nikakuta limelegea. Sikuwa wa kwanza wala wa kumi. Nilipita katikati ya wenzangu, kwa amani. Baba aliisoma ripoti amesimama kando ya lori, akairudia kuisoma, akaikunja akaitia mfuko wa shati badala ya kunirudishia. "Basi Mahango itangoja," akasema, na jioni ile nilimsikia akimsomea jirani alama zangu kama mtu anayesoma injili.

Siku ya pili yake mama aliniita jikoni. Aliwaagiza dada zangu sokoni, wote, hata ambaye hakuwa na cha kununua, akafunga mlango nusu. Alinisemesha kwa Kiswahili, lugha aliyotumia na wachuuzi mpakani, na mimi sikuelewa kwa nini mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nadhani kwa Lhukonzo angeona haya.

"Yule madamu," akaanza, "alisema njia inafunguka. Ni ya batoto tu, ama hata ya mutu mukubwa?"

"Hata mtu mkubwa, mama. Alisema haifungwi."

Akasogeza masufuria yaliyokuwa yamekaa sawa. "Mimi pia ni Masika, unajua. Kwetu mimi ndiyo nilikuwa wa kwanza. Lakini Biira, mudogo wangu, alizaliwa, nikamubeba. Akatembea, Kabugho akazaliwa. Shule nilikuwa naiona kwa dirisha, na mutoto mgongoni. Halafu nikasema, ah, mimi iko mujinga tu." Aliongea bila uchungu wowote, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Sasa nionyeshe ile ya bakuli."

Nikachukua mkaa nikaandika kwenye ukuta wa jikoni. Nusu ongeza robo. Nikamweleza, nikafuta, nikamwambia ajaribu yeye. Mama yangu, aliyeweza kubeba kikapu cha ndizi toka bondeni bila kupumzika, alishika kipande kile cha mkaa kwa vidole vyote, akaandika mbili ya sita. Akanigeukia. Nilikuwa naujua uso ule. Nilikuwa nimeuvaa mwaka mzima.

"Si vibaya, mama," nikamwambia haraka. "Sasa tunajua nyasi ziko wapi. Pumzika, tutarudia kesho."

Mama akaufuta ukuta kwa kiganja, akanirudishia mkaa.

"Nimepumzika tangu Biira alizaliwa, mwanangu. Andika ingine."